Lafudhi Zetu na Masikio ya Usharika

Mtu aliyezaliwa na kukulia mahali pamoja aghalabu hajui kwamba ana lafudhi. Kwake yeye wenye lafudhi ni wale wengine, watokao ng'ambo ya ziwa au upande wa pili wa mlima. Hugundua ya kwake siku anapotoka kwao. Chuo cha theolojia ni mojawapo ya mahali ambapo ugunduzi huo huja upesi, kwa kuwa bweni moja huweza kumweka mtu wa Sengerema jirani na mtu wa Rungwe, na mtu wa Tarime jirani na wa Machame au wa Lushoto. Katika juma la kwanza wote hutaniana, na utani huo hauna ubaya. Jambo hugeuka pale mmoja wao anapopangiwa kusoma somo katika ibada ya asubuhi, ulimi ukamteleza katika neno moja, na kicheko kikapita katika viti vya nyuma. Wapo wasomaji ambao baada ya kicheko cha namna hiyo hawakusimama tena mbele ya usharika kwa hiari yao.

Makala haya yanakusudia kueleza lafudhi hutoka wapi, huugeuzaje usemi wa mtu, na kwa nini jambo hili si dogo kwa watu ambao kazi yao ni kusoma na kunena mbele za wengine.

Yafaa kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Lahaja ni namna ya lugha yenye msamiati wake, sarufi yake na matamshi yake. Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, Kipemba na Kimakunduchi ni lahaja za Kiswahili, nazo zina wenyewe waliozirithi kwa mama zao. Lafudhi ni jambo la matamshi tu. Watu wawili waweza kusoma sentensi ile ile ya Kiswahili sanifu, neno kwa neno, bila kosa la sarufi, na bado msikilizaji akatambua kwamba mmoja ametoka Mara na mwingine Mbeya. Katika Tanzania, yenye lugha za jamii zaidi ya 120, sehemu kubwa ya watu wa bara walijifunza lugha ya nyumbani kwanza na Kiswahili baadaye, au walijifunza Kiswahili kutoka kwa wazazi ambao kwao kilikuwa lugha ya pili. Lafudhi zetu za mikoani ni alama ya historia hiyo.

Ni kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu, asomaye Kigiriki na Kiebrania, ashindwe kutenganisha sauti mbili ambazo mtoto wa Bagamoyo huzitenganisha bila kufundishwa? Jibu limo katika sikio kabla ya kuwa katika ulimi. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watoto wachanga wa nyumba zisemazo Kiingereza. Watoto wa miezi sita hadi minane waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawakuzisikia kuwa mbili. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Hivyo mtoto huzaliwa akiwa tayari kwa lugha yoyote, na kabla hajasimama vizuri kwa miguu yake sikio limekwisha kuchagua tofauti zipi za sauti lizihesabu na zipi lizipuuze. Wachekaji mara nyingi hawajui kwamba msomaji anayechekwa huenda amejisikia akitamka sawasawa kabisa. Hajui wanacheka nini.

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote, yaani sauti r na l. Wanaisimu wetu huiita ya kwanza kimadende na ya pili kitambaza. Katika r ncha ya ulimi hugonga ufizi kwa haraka. Katika l ncha hukaa pale pale kwenye ufizi, na hewa ikapita pembeni mwa ulimi. Mahali pa kuzitamka ni pamoja, na ndiyo maana lugha nyingi za Kibantu hazikuona haja ya kuzifanya sauti mbili. Katika Kiganda, kwa mfano, r huandikwa baada ya irabu e na i, na l huandikwa kwingineko. Kwa sikio la Mganda hiyo ni sauti moja yenye mavazi mawili. Msukuma amekua na l, kwa hiyo habari huwa *habali* na karibu huwa *kalibu*. Mkurya amekua na r, naye akikualika ndani kulala utasikia *kurara*. Si uzembe, na wala si ukosefu wa elimu. Kila mmoja ametumia sauti iliyo karibu zaidi katika ghala la lugha yake.

Je, maana hupotea? Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa la kupendeza. Mahali na mahari ni maneno mawili yaliyo mbali sana kwa maana, na kwa msemaji wa r pekee yote huwa *mahari*. Lakini sarufi ya Kiswahili humwokoa. Mahali hutaka upatanisho wake wa pekee: pamepatikana, pale, pazuri. Mahari itasema imepatikana, ile, nzuri. Hivyo msikilizaji husahihisha kwa kiambishi kile ambacho ulimi umekosea katika nomino, wala hajui kwamba amesahihisha. Ngeli, ambazo wanafunzi wa kigeni huzilalamikia, ni msaada mkubwa kwa nchi yenye lafudhi nyingi.

Palipo na maneno mawili ya ngeli moja, msaada huo haupo. Karamu na kalamu hupatana sawasawa. Msomaji akisoma ule mfano wa Luka 14 wa mtu aliyewaalika wengi wakatoa udhuru, akasema kwamba walialikwa kwenye *kalamu*, hakuna mwana-usharika atakayewaza wino, kwa kuwa shamba, ng'ombe na harusi vinavyofuata vyaonyesha mambo ya namna gani yanazungumzwa. Muktadha umefanya kazi ambayo upatanisho haukuweza. Lakini tuseme mzee wa kanisa anasimama wakati wa matangazo na kusema kwamba Jumapili ijayo baada ya ibada kutakuwa na *kula*, wala haongezi neno. Yeye amekusudia kura ya kuchagua wazee wapya. Baadhi ya kina mama watakuja na masufuria, na hawatakuwa wamekosea.

Kwa wasemaji wa Kinyakyusa shida ni nyingine. Lugha yao haina z wala v, na kwa hiyo sauti hizo huvikwa s na f: *fitu fisuri* kwa vitu vizuri. Kitabu cha Zaburi kikitangazwa hivyo huwa *Saburi*, nalo ni neno halali la Kiswahili, tena neno la imani, lenye maana ya uvumilivu. Msikilizaji wa pwani anayefika Tukuyu kwa mara ya kwanza huenda akafikiri kwamba ameitwa kufungua kitabu asichokijua. Mjaluo wa Rorya naye hana sh katika lugha yake. Shamba kwake ni *samba*, na shida ni *sida*. Tutalirudia jambo hili la sh na s, kwa kuwa limo katika Maandiko yenyewe.

Kwa mtu wa theolojia, hata hivyo, kundi la sauti lenye uzito kuliko yote ni lile lililoletwa na maneno ya asili ya Kiarabu: dh, th na gh. Katika dh na th ncha ya ulimi huingia kati ya meno. Katika gh nyuma ya ulimi hukaribia kaakaa laini bila kulifunga. Lugha nyingi za bara hazina sauti hizi. Basi tazama ni maneno gani yanayozibeba: dhambi, dhabihu, madhabahu, adhabu, ghadhabu, dhamiri, dhiki, thawabu, thamani, uthabiti. Ni kana kwamba mafundisho ya wokovu yaliwekwa makusudi pale ambapo ndimi za bara hujikwaa. Mamia ya sharika husikia kila Jumapili maungamo ya *zambi*, na Mungu huyasikia. Lakini mhubiri anayesema juu ya *samani* ya damu ya Kristo ametamka neno ambalo kwa kila fundi seremala lina maana ya meza na makabati, na hapo upatanisho wa ngeli haumsaidii.

Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alijaribu kuikabili bara kwa njia nyingine. Biblia yake, iliyotoka nzima mwaka 1937, ilipunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno yaliyo karibu zaidi na lugha za Kibantu. Kusudi lake halikuwa matamshi hasa, bali kueleweka na fikira zake juu ya tabia ya Kiswahili. Lakini kila neno la Kiarabu lililoondolewa lilipunguza mzigo wa ulimi wa msomaji wa bara pia. Tafsiri iliyoenea baadaye ilikuwa ile ya muungano, iliyokamilika mwaka 1952, nayo haikuyakwepa maneno hayo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wenye faida. Neno dhambi limekwisha kuwa letu, liwe limetamkwa kwa dh au kwa z.

Hapa inafaa kuuliza swali ambalo wachekaji hawaulizi: ni nani aliyeamua kipi ni kipimo? Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kimvita na kukiona kuwa Kiswahili chenyewe. Askofu Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha mwongozo wa lugha kilichotoka mwaka 1870 kilieleza Kiswahili cha huko. Kwa miongo kadhaa Mombasa na Unguja zilikuwa na Maandiko yaliyotofautiana. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Mwenye kusema ndia na mato alilala akiwa msemaji wa lugha ya washairi, akaamka akiambiwa kwamba sahihi ni njia na macho. Hakuwa amebadilika yeye. Kipimo kilikuwa kimehamishwa.

Tena kipimo hicho hakitutii hata sisi tunaojiona tumekifikia. Wenyeji wa pwani ya kaskazini hutamka kaa wa baharini kwa pumzi nzito katika k, na kaa la moto bila pumzi hiyo. Vivyo hivyo paa mnyama na paa la nyumba. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hii, na watu wengi wa bara, pamoja na maprofesa wao, hawaisikii kabisa. Mzee wa Mombasa akitaka kutucheka sote, anayo sababu.

Na kuna lafudhi zinazodharauliwa ambazo zimehifadhi mambo ya kale kuliko Kiswahili sanifu. Msukuma husema *mutoto* na *mutu*, kama wasemavyo Waswahili wengi wa mashariki ya Kongo, na watu husema kwamba ameongeza u. Hakuongeza kitu. Kiambishi hicho katika lugha za Kibantu za zamani kilikuwa mu-, na lugha nyingi zingali nacho. Ni Kiswahili cha pwani kilichoimeza irabu hiyo na kubaki na m peke yake. Anayemsahihisha Msukuma hapa ana haki kwa kipimo cha shule. Kwa kipimo cha historia, mwenye deni ni yeye.

Lafudhi haiishii katika herufi. Liko jambo la kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi, na jambo la mkazo. Kiswahili kimeacha toni ambazo lugha nyingi za Kibantu zingali nazo, na huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Barabara ya magari hufuata kanuni hiyo; barabara yenye maana ya sawasawa hupata mkazo silabi moja kabla yake. Kihaya, Kisukuma na Kichaga ni lugha za toni, na msemaji wake huja na wimbo wa nyumbani katika Kiswahili. Kinyakyusa kimeacha toni kama Kiswahili, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kwamba mwendo wa sentensi wa mtu wa Rungwe haumshangazi sana msikilizaji hata pale konsonanti zake zinapomshangaza.

Katika kiimbo ndimo tunamohukumiana vibaya zaidi, kwa sababu konsonanti iliyobadilika huitwa lafudhi, lakini kiimbo kilichobadilika huitwa tabia. Mtu wa Tarime anayeuliza swali la kawaida kwa sauti inayoshuka kwa kishindo huonekana mkali. Mtu wa Tanga anayerefusha irabu ya mwisho huonekana mpole, hata akiwa anakataa. Mhaya akisema kwa wimbo wake huambiwa anajivuna. Mchungaji aliyehamishiwa usharika wa mbali na kwao anaweza kukaa mwaka mzima akidhani kwamba wazee wa kanisa wamemkasirikia, nao wakidhani vivyo hivyo juu yake, kumbe hakuna aliyekasirika. Ni nyimbo mbili zisizofahamiana. Katika kumfariji mfiwa au kumsikiliza aliyekuja na siri nzito, kosa hili lina gharama kubwa. Atamkaye huzuni yake kwa kiimbo ambacho masikio yetu yamekizoea kuwa cha ugomvi hujibiwa kama mgomvi.

Basi lafudhi hubadili pia maneno tunayochagua. Mwanasaikolojia ya jamii Howard Giles alianza mwaka 1973 kueleza jinsi msemaji anavyosogeza lafudhi yake karibu na ya msikilizaji anayetaka kupatana naye, au kuisogeza mbali anapotaka kujitenga. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mwenzake akiongea kwa simu na nyumbani, Kiswahili chake kikarudi kijijini kabla hajamaliza salamu. Mwingine, akijua kwamba r humsaliti, hujifunza kuikwepa: badala ya karamu atasema hafla, au ataongeza neno la kufafanua na kusema *kalamu ya chakula*. Huo ni ustadi, na mara nyingi wenye lafudhi nzito ndio wahubiri wanaoeleweka zaidi, kwa sababu wamezoea kusema jambo moja kwa njia mbili. Lakini wapo pia ambao hupunguza maneno mpaka wakabaki na machache yaliyo salama, na mahubiri yao yakadhoofika kwa hofu. (Sitasema mengi juu ya wale wanaoiga sauti ya mhubiri fulani wa redioni mpaka hata waumini hawajui tena mchungaji wao alizaliwa wapi. Hiyo nayo ni lafudhi, ila haina kijiji.)

Tuje sasa katika Maandiko, kwa kuwa hayakukaa kimya juu ya jambo hili. Katika ua wa Kuhani Mkuu Petro alitambuliwa kuwa Mgalilaya. Marko na Luka husema hivyo tu. Mathayo 26:73 ndiyo ielezayo kwamba ni usemi wake uliomfichua. Wagalilaya walisema Kiaramu kama watu wa Yerusalemu, lakini sauti za kooni kwao zilikuwa zimefifia. Talmudi ya Babeli, katika sehemu iitwayo Eruvin, ina kisa cha Mgalilaya aliyeulizia bidhaa sokoni, na watu wakamdhihaki wakimtaka aeleze kama anataka punda wa kupanda, divai ya kunywa, sufu ya kuvaa au mwana-kondoo wa kuchinja. Kwa matamshi yake maneno hayo manne yalisikika kama moja. Ni karamu na kalamu zao. Tuone basi hali ya Petro: kadiri alivyokana kwa maneno mengi, ndivyo kila neno lilivyozidi kumshuhudia kinyume. Majuma machache baadaye, katika Matendo 2:7, umati wa Yerusalemu unashangaa kwamba wanaonena ni Wagalilaya wote. Hatuambiwi kwamba ulimi wa Petro ulikuwa umesahihishwa. Aliyehubiri siku ile alihubiri kwa koo lile lile lililomsaliti penye moto wa makaa.

Kisa cha pili ni cha kutisha. Katika Waamuzi 12 Wagileadi wa Yeftha walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka alitakiwa atamke neno Shibolethi. Waefraimu walisema Sibolethi, kwa kuwa hawakuweza kuitamka sh, wakachinjwa pale pale. Maandiko yanataja watu 42,000. Maana ya neno hilo, suke la nafaka au mkondo wa maji, haikumhusu mtu. Aliyesikilizwa hakusikilizwa alichosema. Ndugu zetu wa Rorya tuliowataja wangeanguka kwenye vivuko vile pamoja na Waefraimu, na tusidhani kwamba mambo haya ni ya kale tu. Mwezi Oktoba 1937, katika Jamhuri ya Dominika chini ya Rafael Trujillo, maelfu ya Wahaiti waliuawa, na imesimuliwa tangu wakati huo kwamba askari waliwaonyesha watu mmea uitwao kwa Kihispania perejil na kuwataka walitaje jina lake. Wahaiti, ambao r yao hutoka kooni, walijulikana kwa herufi hiyo.

Kicheko cha viti vya nyuma hakiwezi kulinganishwa na panga, na sitaki kukifanya hivyo. Lakini tendo la sikio ni moja: limeacha kusikiliza kilichosemwa, likaanza kupima aliyesema anatoka upande gani wa mto. Katika usharika wa mjini wenye watu wa makabila ishirini, mzee wa kanisa ambaye hapangiwi kamwe kusoma somo, kwa kuwa *hasomi vizuri*, huenda anasoma vizuri kabisa. Niliyoyaona katika miaka ya kufundisha na kuhudumu yananishawishi kwamba orodha za wasomaji katika sharika zetu zinastahili kuchunguzwa kwa jicho hili.

Je, tuseme basi kwamba matamshi hayana maana, kila mtu atamke apendavyo? La. Asomaye hadharani ana wajibu kwa wasikilizaji, na lafudhi sanifu ni kitu chema kwa sababu ile ile iliyoufanya Ujerumani wa karne ya 16 uhitaji daraja. Luther alizaliwa Eisleben, naye aliandika Kijerumani kilichofuata desturi ya ofisi ya watawala wa Saksoni, ili wengi waelewe. Hata hivyo Adam Petri, mchapaji wa Basel, alipolichapa Agano Jipya lake mwaka 1523 aliona ni lazima aongeze orodha ya kuwafafanulia watu wa kusini maneno yasiyo ya kwao. Maandishi yakaunganika polepole. Ndimi za wahubiri zilibaki za mikoa yao kwa karne nyingi zilizofuata. Kanuni za matamshi ya jukwaani za Theodor Siebs zilitoka mwaka 1898 tu, tena kwa ajili ya waigizaji.

Katika kufundisha, naona ni busara kutenganisha matamshi yanayobadili maana na yale yanayobadili sura tu. *Lehema* na *zambi* hazimpotezi mtu. Mwanachuo aziache mpaka apate nafasi. *Samani* ya damu, *Saburi* kwa Zaburi, na *kula* kwa kura zinastahili mazoezi. Sauti dh hujifunzwa na mtu mzima kwa siku chache akionyeshwa mahali pa kuweka ulimi na akipewa kioo kidogo. Ulimi usipoonekana kati ya meno, sauti haijatoka. Kwa r na l kazi ni ndefu zaidi, kwa kuwa sikio lazima lifunzwe kwanza: asomewe maneno mawili mawili, naye aseme ni lipi, kabla hajatakiwa kuyatamka. Apewe somo mapema, apige mstari chini ya maneno matatu au manne yenye hatari, na ayasome kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye wa kabila lake.

Hilo la mwisho lapasa kuzingatiwa hasa kwa Pentekoste, kwa sababu Matendo 2:9–11 ina orodha ya Waparthi, Wamedi, Waelami na wengineo wengi ambayo humchosha hata msomaji mzoefu. Msomaji wa siku hiyo na apewe somo lake Jumatatu, wala si mlangoni pa kanisa Jumapili asubuhi.